Sambaza za Mwavita

Kuna mwanamuke pale Keshero, nyumba ya pili ukitoka kwenye maji ya ziwa, anayekula samaki kila siku ya Mungu, na anaikula kwa sababu yangu. Anaitwa Mwavita. Mimi ni Katungu, Mukatoliki, binti wa Butembo, muuza samaki, na mudomo wangu watu wa mutaa wetu wa Majengo wanaujua. Nimegombana na wanajeshi, nimegombana na padri, nimegombana na bwana yangu mpaka akarudi kwao. Lakini mbele ya Mwavita kuna neno moja limenishinda kulisema, miaka thelathini na moja sasa. Acha niliseme hapa.

Tulikutana kwenye samaki. Bwana yake, Assumani, alikuwa muvuvi. Asubuhi mutumbwi wake ukifika, mimi na Mwavita tulikuwa tunakaa juu ya mukeka, tunachambua sambaza, zile samaki ndogo za ziwa letu, lac Kivu, zenye urefu wa kidole. Zangu nilibeba sokoni, zake alianika juu ya mawe. Pale ndipo nilipojifunza dini yao. Kila akikuta kaa ndani ya wavu, alimushika mugongo na kumurudisha majini.

"Weye Mwavita, unatupa nyama ya bure!"

"Kaa anaishi majini na anatembea inchi kavu," alinijibu. "Shehe wetu anasema mwenye makao mawili tusimule."

"Basi na bwana zenu wenye nyumba mbili, nao hawaliwi?"

Alicheka mpaka kitenge kikamuanguka kichwani. Assumani alikuwa na nyumba moja tu, na muke mumoja, na kila mutu alijua kwamba huyo muke alikuwa anamutosha. Mwavita ndiye aliyenieleza kwamba ng'ombe, mbuzi na kuku lazima vichinjwe kwa kisu na kwa jina la Mungu, lakini samaki haina kisu. Ikitoka majini imekuwa halali, hata Mukristo akiivua. "Hata ikivuliwa na weye, Katungu, na midhambi yako yote," alisema.

Halafu ukaja mwaka wa quatre-vingt-quatorze, tisini na nne, mwezi wa saba, wakimbizi wa vita wakavuka mupaka kuingia mujini kwetu. Sitawaeleza wakimbizi walikuwa wangapi, sikuwahesabu. Ninajua tu kwamba siku ya kwanza nilisema pole, siku ya pili nikatoa sufuria yangu moja, na siku ya tatu sikuweza kufungua mulango kwa sababu kulikuwa na watu wamelala mbele yake. Kolera ikaingia. Watu walikunywa maji ya ziwa, wakafia palepale walipochota. Wengine walianguka majini, wengine walisukumwa majini na watu waliokosa nguvu za kuchimba, maana hapa kwetu chini ni jiwe tupu la volcano.

Wiki ile ile watu wenye bunduki walifika Keshero. Walimukuta Assumani anashona wavu. Wakamuambia awavushe mpaka kisiwa cha Idjwi, wao na mizigo yao. Mwavita alikuwa amesimama mulangoni na mutoto mugongoni, Feza, wa miezi mine. Alisema mutumbwi ni mudogo. Mumoja akamuonyesha bunduki, basi. Assumani akavaa shati, akamuambia muke wake, "Nitarudi kesho," akaenda. Kesho yake mutumbwi ulionekana umepinduka, unaelea mbali na gati. Watu hatukuwaona, hata mumoja.

Sasa sikilizeni shida yake, maana Mungu anaweza kumufungia mutu kila mulango.

Nyama ilikuwa imejaa mujini. Wakimbizi walikuja na ng'ombe, na ng'ombe zilikuwa zinaanguka barabarani. Waliziua kwa panga, wengine kwa jiwe, wengine walikata nyama ya ng'ombe iliyokwisha kufa yenyewe. Kwa Muislamu hiyo ni mizoga. Fundi wa kuchinja wa musikiti alikuwa amelala chini na kolera, na hakuna aliyejua nyama gani imepita kwa kisu cha nani. Maharagwe na mboga vilikuwa vinatoka Kibumba, lakini Kibumba yote ilikuwa imefunikwa na mahema, mashamba yamekanyagwa. Na hata ukipata maharagwe, utayapika na nini? Miti ilikuwa imekwisha, makala ya kupikia hayaonekani. Kilichobaki kuiva haraka kilikuwa samaki. Ziwa liko mulangoni, sambaza zinaiva kwa moto wa majani.

Na samaki Mwavita aliikataa.

Mujini wengi waliikataa, si yeye peke yake. Walisema samaki zimekula watu. Sokoni Birere waliniita mulozi, mwanamuke mumoja alinitemea mate kwenye karai. Mimi niliwajibu, mnanijua. Lakini kwa Mwavita haikuwa kinyaa. Alikuwa anakula bugali na chumvi, bugali na chumvi, wiki ya kwanza, wiki ya pili, na maziwa yakaanza kukauka. Feza alikuwa ananyonya, anaachilia, analia, ananyonya tena. Halafu kilio kikawa chembamba. Nyinyi mliolea watoto mnajua, mutoto akilia kwa nguvu unachoka, lakini akiacha kulia unaogopa. Nikawapeleka wote wawili kwenye mahema meupe ya kugawa maziwa ya watoto. Tulisimama kwenye safu siku nzima. Wakatuuliza karata ya mukimbizi. Mwavita alizaliwa Keshero, angeitoa wapi? Tukarudi.

Nilikasirika, nikaenda mwenyewe kumuita Shehe wao. Ndiyo, mimi na rozari yangu shingoni, nilisimama nje ya musikiti nikapiga kelele mpaka akatoka. Alikuwa muzee mupole, amechoka, mikono yake imepauka kwa kuosha maiti. Alikuja. Alikaa kwenye kiti mbele ya Mwavita, akamuuliza tatizo ni nini.

"Shehe, samaki hizi zimekula watu."

"Mutume aliulizwa juu ya maji ya bahari," Shehe alisema. "Akajibu, maji yake ni safi na mufu wake ni halali. Hata samaki iliyokufa yenyewe ikaelea, kama haijaoza, kwetu inaliwa. Ukiwa na mashaka kwamba imekula uchafu, tunafanya kama kwa kuku anayekula uchafu, tunamufungia, tunamulisha safi mpaka harufu imutoke. Lakini sambaza, binti yangu, tazama mudomo wake. Haiwezi kuuma mutu. Inakula vidudu vya maji ambavyo hata macho yako hayavioni."

"Ninajua, Shehe. Mimi ni muke wa muvuvi."

"Basi kula. Mutoto ana haki juu ya maziwa yako. Ukijinyima ukamuua, utajibu nini?"

Mwavita alimufunika Feza na kitenge chake. Alisema, "Halali nimeielewa. Lakini Assumani yumo mule ndani. Nikiweka samaki mudomoni, koo inafunga."

Shehe aliinuka kwenye kiti. Alisoma dua, akamushika Feza kichwa, akaenda kuosha wengine.

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Uongo mutupu, nimeona kwa macho yangu mwenye njaa aliyeshika mwiko mpaka mifupa ikamutoka. Siku ya pili nilikaanga sambaza kwa mafuta yangu ya mwisho, nikaweka chumvi na pilipili kama anavyopenda, nikamupelekea. Alikuwa amelala kwenye mukeka, Feza juu ya kifua. Mutoto alikuwa amefungua macho lakini hakuwa anaangalia kitu. Nikamuita jina, nikapiga makofi karibu na sikio lake. Hakugeuka.

"Amuka ukule," nilisema.

"Katungu, niache."

"Sikuachi! Amuka! Assumani atarudi ao hatarudi?"

"Atarudi."

"Una hakika?"

"Ninamungoja. Hata eda sijakaa." Eda ndiyo ile miezi mine na siku kumi ambayo mujane wa Kiislamu anakaa ndani. "Sijaona maiti, sijaambiwa na mutu. Ninamungoja."

"Basi kama unamungoja, yuko hai! Na kama yuko hai, hayumo kwenye samaki! Weye chagua moja. Ao umuzike ukae eda yako, ao ukule samaki. Lakini usimungoje mulangoni na wakati ule ule umuogope kwenye sahani. Nani amekufundisha akili hiyo?"

Alilia. Alisema, "Ninaogopa, Katungu. Ninaogopa tu."

Pale hasira ikaniisha na woga ukaniingia, maana niliona kwamba mutoto huyu hatafika jioni ya kesho. Na mudomo wangu, huu mudomo, ukasema wenyewe:

"Ameonekana Bukavu."

Mwavita aliinua kichwa.

"Kuna mutu ameshuka na boti jana kutoka kule, mwisho wa ziwa," nilisema. "Muuza chumvi. Aliniuliza kama ninamujua Assumani muvuvi wa Keshero. Amemuona soko ya Kadutu, muzima, anatafuta njia."

"Kwa nini hakuja kwangu?"

"Boti ilikuwa inarudi. Hakuwa na nafasi."

"Kwa nini harudi?"

"Atarudi na nini? Mutumbwi hana, na ziwa limejaa watu wa bunduki. Litafunguka."

"Apa."

Nikashika rozari. Niliapa kwa Bikira Maria, Mama wa Mungu, na sauti yangu haikutikisika hata kidogo. Aliniangalia machoni. Sijui aliona nini. Aliketi, akavuta sahani, akasema polepole kama mutu anayejifundisha somo, "Kama yuko Bukavu, basi hayumo humu." Akasema bismillahi. Akachukua sambaza moja, akaitafuna na kichwa chake. Halafu ya pili. Halafu akaanza kula kwa mikono miwili, machozi yanaanguka kwenye mafuta, akamaliza zote na kulamba chumvi ya sahani. Mimi nilikuwa nimemushika Feza, ninamuombea kwa watakatifu wote ninaowajua na kwa wale nisiowajua.

Siku ya tatu maziwa yakarudi. Siku ya saba Feza alilia kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta, nikacheka peke yangu nyumbani kama mwenda wazimu.

Nilifikiri nitamuambia ukweli mutoto akiongeza kilo. Ndiyo hesabu niliyoifanya. Kabla hesabu haijatimia, akaja Barthélemy.

Barthélemy alikuwa mutu wa Masisi, Mukristo, tena mutu wa heri. Kazi yake miezi ile ilikuwa kwenye camion, lile lori la kuokota maiti. Alikuwa ananunua samaki kwa Assumani tangu zamani. Alinikuta sokoni, akanivuta pembeni, kitambaa cha kuziba pua bado kiko shingoni.

"Katungu, ile siku mutumbwi ulipopinduka, tuliokota watu kwenye mawe karibu na gati. Assumani alikuwa pale. Nilimujua uso. Alikuwa amevaa shati ya bleu, mufuko umepasuka. Sikuweza kwenda kwa muke wake. Ningemuambia nini? Tulimuweka kwenye shimo kubwa la barabara ya Kibumba na wengine. Hatukumuosha. Hatukuwa na sanda. Tulimwaga chokaa."

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mimi jambo hili linaniamusha kila siku. Maiti ya Assumani haikubaki majini. Samaki ya Keshero haikuwa na kosa lolote. Kama Barthélemy angekuja wiki mbili mapema, ningemuambia Mwavita: bwana yako amelala kwenye udongo, hayumo kwenye ziwa, kula. Ukweli ungefanya kazi ile ile ya uongo wangu. Angelia, angekaa eda, angekula, mutoto angenyonya. Lakini uongo ulitangulia.

Nilimuambia Barthélemy anyamaze. Niliogopa maziwa yatakauka tena. Hiyo ndiyo sababu ya mwezi wa kwanza. Mwaka wa kwanza sababu ikawa nyingine: niliogopa atanichukia. Baadaye hata sababu sikuwa nayo tena. Barthélemy alikufa mwaka ule moto wa volcano ulipopita mujini, nikabaki peke yangu na ile habari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haijaisha.

Ziwa lilifunguka, Assumani hakurudi. Mwavita alisema amekamatwa. Vita vya pili vikaja, akasema amechukuliwa kubeba mizigo ya wanajeshi. Vikaisha vikaanza vingine, akasema labda amepata muke kule, si kitu, atarudi akizeeka. Alikuwa kijana na muzuri wakati ule. Fundi mumoja wa mbao, Muislamu muzuri wa Majengo, alitaka kumuoa. Shehe alimueleza kwamba muke wa mutu aliyepotea ana ruhusa, baada ya kungoja miaka mine anaweza kuhesabiwa mujane, akae eda yake, aolewe. Mwavita akamujibu, "Mimi si muke wa aliyepotea. Bwana yangu ameonekana. Muulize Katungu."

Na Shehe akaja kuniuliza! Muzee na fimbo yake, akapanda mpaka kwangu Majengo. "Binti yangu, ni kweli yule mutu wa Bukavu alimuona?" Nilikuwa na nafasi pale, mutu wa Mungu mbele yangu, hakuna mwingine. Nikasema, "Ndiyo, Shehe." Akaniambia aksanti. Fundi wa mbao akaoa mwingine.

Na samaki? Hajaiacha. Hata siku nyama ya halali imejaa, hata sikukuu ya kuchinja, lazima sambaza iwe kwenye sahani yake, hata moja. Feza alimuuliza akiwa mudogo, mama, hauchoki? Akamuambia, "Siku nitakayokataa samaki, nitakuwa nimemuzika baba yako." Nilikuwa nimeketi palepale. Nilisema ninaenda kukojoa, nikasimama nyuma ya choo nikilia.

Barabara ya Kibumba ninapita mara nyingi kufuata mboga. Pale penye shimo sasa kuna majani na vibanda. Ninasema Baba Yetu, sala ninayoijua. Sijui kama inamufaa Muislamu.

Basi, Januari ya mwaka huu vita viliingia tena mujini. Mabomu yalianguka upande wa Keshero, mabati yakawa yanaruka. Feza, leo ni mama wa watoto watatu, alikuwa amefunga mizigo, watoto wamevaa viatu, wanamungoja bibi yao. Akanipigia simu akilia: "Mama Katungu, kuja, mama hataki kutoka." Nilikwenda kwa miguu, nimeinama chini ya kuta, kwa umri huu wangu.

Nilimukuta Mwavita jikoni, anakaanga sambaza.

"Weye ni wazimu?" nilipiga kelele. "Toka! Watu wote wamekwenda!"

"Assumani akirudi akute mulango umefungwa?"

Alisema hivyo bila kucheka. Nje kitu kikapasuka, vumbi likatuangukia kutoka dari, Feza akaita "Mama!" kwa sauti ile ile niliyokuwa ninaingoja irudi zamani. Nikajua ile saa imefika. Uongo uliomuponya mutoto sasa utamuua mama, na mutoto pamoja naye, maana Feza hawezi kumuacha. Nikapiga magoti kwenye simenti, nikamushika miguu.

"Mwavita, nisikilize. Ile habari ya Assumani. Ile ya yule mutu."

"Wa Bukavu?"

"Assumani alikuwa amevaa shati ya bleu." Nilitaka kuanzia pale. Nilitaka kusema shati, halafu Barthélemy, halafu camion, halafu shimo. Pumzi ilikuwa imeniisha. "Ya bleu. Yenye mufuko umepasuka."

Mwavita aliacha kijiko. Aliniangalia na uso wake ukafunguka wote, miaka yote thelathini ikamutoka usoni, nikamuona yule musichana wa kwenye mukeka.

"Ule mufuko!" alisema. "Ule mufuko nilitaka kuushona siku ile. Nilimuambia avue, akasema ataniachia kesho. Hakuna mutu aliyejua ule mufuko, Katungu. Miaka yote hii ninakuuliza alivaa nini, unasema yule mutu hakusema. Kumbe alisema. Kumbe kweli alimuona." Alishika kichwa changu kwa mikono yake yenye mafuta. "Nisamehe. Siku zingine nilikuwa ninafikiri ulinidanganya."

Mudomo wangu ulikuwa wazi. Ulibaki wazi.

Feza aliingia, akatuangalia sisi wawili, akajua mama yake hatatoka, akateremusha begi chini. Akawaita watoto warudi ndani, wavue viatu, waingie chini ya kitanda. Mwavita akageuza sambaza kwenye sufuria, akaongeza sahani moja kwa ajili yangu.